Mjadala: Je, hisa ya benki ipimwe kwa faida ya mwaka mmoja au kwa faida ya miaka kumi iliyorekebishwa kwa mfumuko wa bei?

Mwanzilishi wa mada, Nakuru

Wanamjadala, nawasalimu nyote. Chama chetu cha uwekezaji hapa Nakuru kinajadili kununua hisa za benki katika Soko la Hisa la Nairobi, na hoja iliyotawala kikao ni kwamba benki inayolengwa inauzwa kwa mara 5 tu ya faida ya mwaka uliopita, kwa hiyo bei ni nafuu na anayesita atapitwa. Nimeipinga hoja hiyo, na ningependa nipingwe au niungwe mkono hapa kwa hesabu. Msimamo wangu ni kwamba akiba ya watu isiingizwe katika hisa ya benki kwa kutazama faida ya mwaka mmoja. Bei ipimwe dhidi ya wastani wa faida ya miaka kumi, kila mwaka ukiwa umegeuzwa kuwa shilingi za leo.

Kipimo hiki kina umri mrefu. Benjamin Graham na David Dodd walishauri mwaka 1934 kwamba faida itazamwe kwa wastani wa miaka isiyopungua mitano, na ikiwezekana saba au kumi. Mwaka 1988 John Campbell na Robert Shiller wakaongeza marekebisho ya mfumuko wa bei walipokuwa wakichunguza soko zima la hisa la Marekani.

Sababu ya kukitaka kwa benki kuliko kwa kampuni nyingine ni namna faida ya benki inavyopatikana. Kiwanda cha saruji kikiuza mfuko na kulipwa, biashara hiyo imekwisha. Benki huandika riba ya mkopo kuwa mapato ya mwaka huu, ilhali hakuna ajuaye kwa hakika kama mkulima wa ngano wa Njoro au mwenye matatu ziendazo Eldoret atamaliza kulipa baada ya miaka minne. Kati ya mapato hayo na faida yamekaa makadirio ya wasimamizi. Chukueni ukurasa wa matokeo ambao benki huchapisha gazetini: katika orodha ya gharama za uendeshaji, mstari wa kwanza, juu ya mishahara, ni fedha zilizotengwa kwa hasara ya mikopo. Tuseme benki ina mikopo ya shilingi 300 kwa kila hisa. Wasimamizi wakishusha makadirio ya hasara kwa asilimia 1 tu ya mikopo hiyo, shilingi 3 zinahama kutoka gharama kwenda faida, na baada ya kodi ya asilimia 30 zinabaki shilingi 2.10. Faida ambayo ingekuwa shilingi 5.90 kwa hisa inachapishwa kuwa 8. Si lazima awepo aliyedanganya, kwa maana watu wawili waaminifu wanaweza kutofautiana kwa kiasi hicho. Na kwa kuwa mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji wameacha kuilipa ipasavyo, nchini ilizidi asilimia 16 ya mikopo yote mwaka 2024, kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, makadirio haya si jambo la pembeni.

Nimebuni mfano ili tusigombanie jina la benki. Faida kwa kila hisa, kuanzia 2015 hadi 2024, ni shilingi 4.00, 3.80, 3.20, 3.60, 4.00, 2.20, 5.00, 6.00, 6.00 na 8.00. Bei ya hisa ni shilingi 40. Kwa faida ya mwaka wa mwisho, bei ni mara 5. Kwa viwango vya mfumuko wa bei vinavyotangazwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, kilichonunuliwa kwa shilingi 100 mwaka 2015 kilihitaji takriban shilingi 170 mwaka 2024, kwa hiyo shilingi 4 za mwaka 2015 ni karibu 6.80 za mwaka 2024. Nikirekebisha kila mwaka kwa namna hiyo, wastani unakuwa shilingi 5.82 na bei inakuwa takriban mara 6.9.

Hesabu hiyo inafunua mambo mawili. Kwanza, anayechukua wastani bila kurekebisha atapata shilingi 4.58, na ataiona hisa kuwa mara 8.7, yaani ghali kuliko ilivyo, kwa sababu amejumlisha shilingi za 2015 na za 2024 kana kwamba zina nguvu moja sokoni. Pili, mwenyekiti wa benki anayejivunia kwamba faida imeongezeka maradufu tangu 2015 anasahau kwamba kwa nguvu ya ununuzi imepanda kutoka 6.80 hadi 8 tu, chini ya asilimia 20 katika muda wa miaka tisa.

Najua nitaambiwa kwamba miaka ya 2016 hadi 2019 haikuwa ya kawaida, kwa kuwa sheria iliyoanza kutumika Septemba 2016 ilizuia riba ya mikopo isizidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4, hadi ilipoondolewa Novemba 2019. Nasema miaka hiyo ibaki ndani ya wastani. Bunge lililoweka kikomo mara moja linaweza kukiweka tena, na mwekezaji anayefuta kila mwaka mbaya kwa kuuita wa dharura atabaki na historia ya benki ambayo haijawahi kuwapo.

Mhasibu, Kisumu

Ndugu wa Nakuru, nakubaliana nawe kwamba mwaka mmoja hautoshi, lakini kipimo chako kinaishia katikati ya safari, na kwa benki nusu iliyobaki ndiyo nzito zaidi.

Unarekebisha faida kwa mfumuko wa bei lakini huurekebishi mtaji. Kampuni yenye ardhi, mitambo na maghala ina mali ambazo bei zake hupanda pamoja na bei nyingine. Mali ya benki ni ahadi za kulipwa shilingi: mikopo, hati fungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni), akiba iliyoko Benki Kuu. Shilingi 50 za mtaji wa wanahisa, mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5, zinapoteza nguvu ya shilingi 2.50 katika mwaka. Benki ikitaka kuendelea kukopesha kwa kiasi kile kile cha thamani halisi, haina budi kubakiza shilingi 2.50 katika faida yake, kwa sababu kanuni zinadai mtaji wa jumla usiopungua asilimia 14.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari (yaani mikopo na mali nyingine, kila moja ikihesabiwa kulingana na hatari yake ya hasara), na mikopo hukua kwa shilingi hata pale uchumi unaposimama. Ikiwa mfano wako wa faida ya shilingi 8 una mtaji wa shilingi 50 kwa hisa, faida ambayo mwanahisa angeweza kuila bila kuipunguza benki ni shilingi 5.50. Wastani wako wa 5.82 unabeba ndani yake fedha ambazo haziwezi kutoka.

Jambo la pili linahusu mwaka 2018, na hapa nawaomba wanaopakua taarifa za fedha wawe waangalifu. Kanuni mpya ya uhasibu ilianza kutumika Januari 2018 ikizitaka benki zitenge fedha kwa hasara zinazotarajiwa badala ya kungoja hasara itokee. Ongezeko la siku ya kwanza halikupita katika hesabu ya faida na hasara; lilikatwa moja kwa moja katika akiba ya faida za miaka iliyopita. Mwenye kujumlisha faida za miaka kumi hatakutana na makato hayo popote, ilhali fedha za wanahisa zilipungua kweli. Dawa yake ni kufuata jedwali la mabadiliko ya mtaji, mwaka baada ya mwaka, na kuyatoa makato yale kwa mkono.

Mfanyabiashara, Kibuye, Kisumu

Mimi naona mnapima benki ambayo haipo tena. Mwaka 2015 nilipanga foleni kwenye kaunta. Leo wateja wangu wanalipa kwa simu na benki inanipa mkopo wa bidhaa bila kuniona. Benki zetu kubwa mbili zimevuka mipaka. Moja ilinunua benki ya Kongo mwaka 2020, nyingine mwaka 2022. Faida inayotoka Kinshasa na Lubumbashi irekebishwe vipi kwa bei ya unga wa Kisumu? Tena dola ilikuwa karibu shilingi 157 mwisho wa mwaka 2023, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu 129. Faida ile ile ya kigeni huonekana kubwa mwaka mmoja na ndogo mwaka unaofuata bila mkopaji hata mmoja kubadilika. Anayesubiri miaka kumi ya ushahidi atanunua wakati bei imekwisha kupanda.

Mwalimu mstaafu, Kakamega

Naandika kwa ufupi. Huku kwetu familia nyingi zilinunua hisa za kiwanda cha sukari cha Mumias kwa sababu ya mgao wa miaka mizuri, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, msimamizi anayewekwa ili wadai walipwe. Najua kile si benki, lakini kilikuwa na mikopo ya benki. Benki ya Imperial ilifungwa Oktoba 2015 na Benki ya Chase ikafuata Aprili 2016, na zote mbili zilikuwa zimetangaza faida katika miaka ya nyuma. Wastani wa miaka kumi ya hesabu zisizo za kweli ni namba isiyo ya kweli. Je, kipimo hiki kingemwokoa nani? Na ninyi wa Nakuru, kwa shilingi 40 mnanunua au hamnunui?

Mwanzilishi wa mada, Nakuru

Mwalimu, pokea heshima zangu. Kipimo cha faida, kiwe cha mwaka mmoja au cha miaka kumi, hakigundui wizi, na sitakisifu kwa kazi isiyo yake. Ila nitaongeza kwamba wastani wa muda mrefu unatusaidia kuuliza swali moja la lazima: ikiwa wenzake wote waliyumba mwaka 2017 na mwaka 2020, benki hii imewezaje kupanda kwa mstari ulionyooka? Faida laini mno katika biashara yenye mikopo ya wakulima na wachuuzi ni sababu ya kufungua sehemu ya chini ya ule ukurasa wa gazeti, ambako mikopo chechefu huorodheshwa, na kuona ni kiasi gani kimetengewa fedha.

Ndugu wa Kibuye, hoja ya Kongo ni nzito na siipuuzi. Benki hizo hutoa taarifa ya faida kwa kila nchi, na chama kinaweza kutenga ile ya Kenya na kuipima peke yake. Lakini kununua benki nyingine hakufuti historia, kwa sababu mnunuzi hulipa kwa fedha za wanahisa au kwa hisa mpya. Benki ya KCB ilipoichukua National Bank mwaka 2019 ilitoa hisa yake moja kwa kila hisa kumi za National Bank. Faida ya jumla iliongezeka, na idadi ya wanaogawana iliongezeka pia. Ndiyo maana nasisitiza faida kwa kila hisa, huku hisa za nyongeza na zilizogawanywa zikiwa zimesawazishwa kwa miaka yote. Kuhusu kuchelewa, sisubiri miaka kumi kuanzia leo. Miaka hiyo imekwisha kupita na taarifa zake zimo katika tovuti za benki zenyewe.

Mhasibu, hatua yako ya mtaji naiingiza katika hesabu, na inabadilisha jibu nitakalompa Mwalimu. Tuchukue kwamba mtaji wa benki ya mfano, kwa shilingi za leo, ulikuwa wastani wa shilingi 40 kwa hisa katika miaka hiyo, na mfumuko wa bei ulikuwa kama asilimia 6. Shilingi 2.40 zinatoka, na katika 5.82 zinabaki 3.42. Kwa bei ya shilingi 40, hisa iliyoitwa mara 5 sasa ni takriban mara 11.7, na pato lake, yaani 3.42 kwa kila shilingi 40, ni asilimia 8.6 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia halisi, iliyokwisha kuondolewa mfumuko wa bei, na kosa ninalolisikia katika vikao vingi ni kuilinganisha na riba ya hati fungani ambayo haijaondolewa kitu. Hati fungani ya miundombinu isiyotozwa kodi ikilipa asilimia 13, na mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5, pato halisi ni karibu asilimia 8. Ile ya Februari 2024 iliyotolewa kwa asilimia 18.46, wakati mfumuko wa bei ulikuwa zaidi kidogo ya asilimia 6, ilizidi hisa hii kwa mbali.

Kwa hiyo, Mwalimu, kwa shilingi 40 sinunui. Tofauti ya asilimia 0.6 haitoshi kumlipa mwanahisa kwa kubeba sheria za riba, mikopo chechefu na yale uliyoyataja ya mwaka 2015 na 2016. Kwa shilingi 28, pato hilo hilo la 3.42 ni zaidi ya asilimia 12, na hapo ningeunga mkono ununuzi kikaoni. Nitaipeleka hesabu hii kwa mweka hazina pamoja na jedwali la mhasibu wa Kisumu, na aliye na taarifa za benki yoyote za mwaka 2018 zinazoonyesha makato ya siku ya kwanza ayaweke hapa ili tuyahesabu pamoja.