Fizi zinatoa damu: mswaki wa mti, wa dukani au maji ya chumvi?

Mzee_wa_Kariakoo: Wakuu, wiki ya tatu hii kila nikipiga mswaki natema mate mekundu. Juzi nimeng'ata embe, likabaki na alama ya damu. Upande wa kushoto nimeacha kabisa kuusugua ili fizi zipumzike, wapi! Bibi anasema nirudi kwenye mswaki wa mti, jirani anasema chumvi, duka la dawa wamenionyesha dawa ya kusukutua. Nishike lipi?

Bi_Amu: Mwanangu, huo upande uliouacha ndio utakaokutesa. Damu inatoka kwa sababu ukoga umekaa pale jino linapokutana na ufizi, ufizi ukavimba. Mimi nautumia mti tangu utotoni Lamu. Tafuna ncha mpaka nyuzi zichambuke, ukianza kunuka kata, tafuna upya. Hata Shirika la Afya Duniani liliusifu miaka ya 1980.

Tabibu_Meno: Shikamoo Bi. Mti sina ugomvi nao, ila wengi huishia meno ya mbele, magego hawayafikii, wala upande wa ulimi. Wa dukani unafika, mradi uwe laini. Watu huchagua mgumu wakidhani unang'arisha, matokeo yake fizi zinarudi nyuma mizizi inabaki wazi. Ulaze mshazari kuelekea ufizi, mizunguko midogo, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Sasa hapo bado katikati ya jino na jino: mti haupiti, brashi haipiti. Hapo pitisha uzi wa meno, kila usiku.

Chuma_Ulete: Uzi wenyewe bei! Mimi natumia wa cherehani 😂

Tabibu_Meno: Mkuu, huo unakata nyama. Bora hata kipande kidogo cha ule wa meno.

Mama_Pacha: Na chumvi je? Mimi nikiwa na mimba fizi zilivuja mpaka nikaogopa kula muwa.

Tabibu_Meno: Mimba huzifanya fizi ziwe nyepesi kuvimba, ndiyo maana usiache mswaki kipindi hicho. Chumvi nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu inatuliza, ukoga haiung'oi. Ile ya kusukutua yenye klorheksidini inaua vijidudu kweli, lakini ukiizoea meno yanakuwa ya kahawia na chai inapoteza ladha. Ni ya siku chache. Na wenye sukari au wanaotumia dawa za kuyeyusha damu wasikae na hili nyumbani.

Mzee_wa_Kariakoo: Nimerudi wakuu, siku ya 9. Brashi laini na uzi. Siku tatu za mwanzo ilikuwa machinjio, jana mate meupe kabisa! Isipokuwa kushoto nyuma, nikipitisha ulimi nagusa kitu kigumu kama mchanga.

Tabibu_Meno: Huo ni ukoga uliogeuka jiwe. Mswaki hauuwezi, nenda kliniki ukakwanguliwe.

Bi_Amu: Na usiuache tena huo upande.