Mafundi wa redio za zamani wamekwenda wapi?

Mwana_Chumbageni:
Habari za jioni, wanajukwaa. Marehemu baba aliniachia redio ya transista yenye bendi tatu, ambayo hadi mwaka jana ilikuwa ikinasa masafa ya kati vizuri nyakati za usiku. Sasa inatoa mvumo mzito, na nikizungusha kitufe cha sauti inakwaruza. Hapa Tanga, katika mtaa niliokulia, palikuwa na vibanda vitatu vya mafundi redio. Leo kimoja kinauza kava za simu, cha pili kinatoa huduma za kutuma fedha na cha tatu kimefungwa. Fundi simu niliyempelekea aliigeuzageuza, kisha akanishauri ninunue redio ndogo ya kuchomeka flashi. Je, kazi hii imekufa, au ninatafuta pasipo?

Fundi_Mstaafu:
Ndugu yangu, pole kwa msiba. Kwanza iwashe kwa betri: mvumo ukitoweka, basi kapasita kubwa inayochuja umeme wa ukutani imekauka, na kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Mkwaruzo ni vumbi ndani ya kitufe cha sauti.

Ama kuhusu vibanda, mimi nilifunga changu bila kushindwa na kazi. Nilishindwa na kodi ya pango. Redio peke yake hazikuwa zikimlisha fundi. Waliotulisha ni wenye TV za kichogo, ambazo hazikukosa hitilafu. Mitambo ya kurushia matangazo ya TV ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, TV hizo ziliendelea kwa msaada wa king'amuzi, lakini zilipoharibika wenyewe walinunua za bapa badala ya kuturudia. Redio za wazee zikabaki nasi, moja kwa mwezi, na mwenyewe akija anataka alipe bei ya soda.

Rezista47:
Shikamoo mzee. Ninakubaliana nawe kuhusu kodi, ila usilisahau suala la vipuri. Redio nyingi za miaka ya 1960 zina transista za jemaniamu (aina ya zamani, kabla ya za silikoni kuenea), mfano AC128, ambazo huanza kupitisha umeme kwenye takribani volti 0.2 hadi 0.3, ilhali za silikoni huhitaji 0.6 hadi 0.7. Fundi akibandika ya silikoni bila kurekebisha rezista zake (vipuri vinavyopunguza mkondo wa umeme), sauti hutoka imepasuka, naye huonekana hajui kazi. Zamani tulizichomoa kwenye mizoga ya redio iliyorundikwa nyuma ya kibanda. Siku hizi mizoga hiyo huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikapimwa kwa kilo.

Fundi_Mstaafu:
Marahaba. Hilo la mizoga ni kweli tupu. Yangu niliiuza kwa njia hiyo hiyo, na ninaijutia.

Bi_Ngamiani:
Mwana Chumbageni, usitafute kibao kilichoandikwa "fundi redio". Ulizia msikitini au kanisani ni nani anayewatengenezea amplifaya. Hao bado wanashika pasi ya kulehemu kila wiki na wanapima transista kwa mita, badala ya kubadilisha bodi nzima. Wangu nilimpata hivyo. Mpelekee siku za katikati ya wiki, kwa sababu kuanzia Alhamisi huwa ameelemewa.

Mwana_Chumbageni:
Ahsanteni sana. Nimeiwasha kwa betri sasa hivi, na mvumo umekoma. Jumanne nitapita msikitini.