Yule fundi wa "PS4 inageuka kompyuta" leo kanibofyesha PICHA mbele ya shemeji yangu!!!

BabaTausi wa Soweto:

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nikiwa ndani ya bajaji natoka Mwanjelwa hapa Mbeya, mikono inatetemeka, na siyo hii baridi ya mwezi wa sita.

Huyu mtu mnamjua. Sitaji jina maana moda mtanifungia, lakini ukishuka Kabwe ukasema tu "fundi wa gemu", hata kichaa atakuonyesha njia. Yule anayevaa miwani ya jua ndani ya duka lisilo na dirisha. Yule anayekwambia "tatizo lako dogo sana hilo" wakati hujafungua mdomo. Huyohuyo.

Nilimpelekea PS4 yangu, ile mashine ya Sony ya kuchezea gemu kwenye TV, nzima, haina hata mkwaruzo. Nilitaka kitu kimoja: iwe kompyuta ya gemu. Iwe na kibodi, mausi, Steam (lile duka la gemu za kompyuta), nipige gemu za risasi kwa mausi nao wanijue, na nikichoka niandike barua za kikoba chetu. Akasema hiyo kwake cha mtoto. Akanipa na somo kabisa, kwamba ndani ya PS4 mna prosesa ya AMD yenye kori 8 na memori ya GB 8, ukoo mmoja na kompyuta za kawaida. "Ni kompyuta hiyo kaka, Wajapani wameifunga tu, mimi nafungua." Laki na nusu. Nusu nikampa hapohapo, nusu nimalizie siku ya kuchukua.

Zikaanza njoo kesho. Njoo kesho mpaka mama lishe wa pale jirani akawa ananiwekea wali bila kuniuliza.

Leo asubuhi kanipigia mwenyewe: "Kaka, mzigo umeiva." Nikamchukua shemeji twende wote, maana nilishamtambia wiki nzima kwamba kwangu kuna kompyuta ya gemu inakuja.

Tunaingia dukani, TV kubwa inawaka, na kwenye TV naona Windows! Windows kabisa! Vialama vimejipanga kushoto, kapu la taka lipo, mshale mweupe katikati, saa chini kwenye kona inasema 4:17. Nikamgeukia shemeji na lile jicho la "ulikuwa unabisha".

Nikashika mausi, nikasukuma. Mshale umekaa palepale.

Nikasukuma kulia. Umekaa. Nikasukuma kushoto. Umekaa. Nikamwangalia fundi. Kasimama, mikono mfukoni, anasema kwa utulivu wa daktari:

"Mausi inapasha moto kaka. Baridi hii."

INAPASHA MOTO!!!

Na mimi nikangoja ipashe moto. Watu wamejaa dukani, mimi nasukuma mausi juu ya kaunta kama mtu anayepiga pasi sare za shule. "Sasa bofya mara mbili, kwa upole," ananiambia. Nikabofya kapu la taka. Nikabofya kialama cha pili. Nikabofya vyote mpaka kidole kikapata ganzi, na yeye pembeni: "Usiilazimishe, bado mpya."

Kuna katoto ka sekondari kalitumwa kufuata simu ya mama yake. Kakasogea, kakaitazama ile TV, kakasema kwa sauti ya kujibu swali darasani:

"Anko, hiyo ni picha."

PICHA, WAKUU! Alichukua picha ya skrini ya laptopu ya mtu, akaitia kwenye flashi, akaichomeka kwenye PS4 yangu, akaifungua kwa ile programu ya kuonyesha picha na video mpaka ikajaa TV nzima. Mshale ulikuwa NDANI YA PICHA. Saa ni 4:17 tangu tunaingia mpaka tunatoka. Na pale kwenye kona pana alama ya betri, asilimia 63. Betri! PS4 betri yake inakaa wapi jamani?

Mnadhani aliona aibu? Kavua miwani, kamgeukia mtoto: "Wewe kompyuta umesomea wapi?" Halafu mimi, kwa sauti ya kunibembeleza: "Kaka, hii ni hatua ya kwanza, tunaita muonekano. Ukiongeza laki inafunguka."

Shemeji alicheka mpaka akakalia ndoo ya maji. Ndoo ilikuwa na maji.

Hela yangu ya mwanzo kagoma kurudisha, eti ni ya muonekano. Mausi inapasha moto! Mimi, baba wa watoto, mjumbe wa kikoba, naambiwa mausi inapasha moto na mimi nangoja!

Nawasilisha.

Kiazi Mviringo:

Nimesomea huu uzi msibani. Nimetolewa nje. Mausi inapasha moto 🤣🤣🤣

Dada Pareto:

Pole kaka. Swali dogo tu, ulibofya mara ngapi?

BabaTausi wa Soweto:

Dada Pareto hiyo siyo hoja. Hoja ni utapeli.

Dada Pareto:

Kwa hiyo ni nyingi.

Foleni ya Tunduma:

Mimi nataka kujua lile kapu la taka lilikuwa tupu au limejaa.

BabaTausi wa Soweto:

Limejaa. Na mimi ndiye niliyekuwa nahangaika kulifungua nione kuna nini. Mnacheka nini sasa?

Mpwa wa Mbalizi:

Huyo jamaa namjua vizuri. Mimi nilimpelekea PS4 inanguruma kama ndege, nikamwambia anisafishie feni. Ikarudi kimya, kimya kabisa, nikampa na ya soda juu. Nimefika nyumbani, dakika kumi ikajizima kwa joto. Kuifungua, feni haimo. Aliniondolea kelele kweli, siwezi kusema alidanganya.

Kiazi Mviringo:

Mpwa, yako haikuhitaji kupasha moto mausi, ilijipasha yenyewe.

Mjuaji wa Uyole:

Tucheke lakini tuelimishane. Alichotaka mleta uzi kipo. Kikundi cha wadukuzi kinachoitwa fail0verflow kilionyesha Linux, mfumo wa kompyuta kama ilivyo Windows, ikitembea kwenye PS4 mwishoni mwa 2015. Shida ni toleo la mfumo. Matoleo ya zamani kama 5.05 na 9.00 yana tundu la kuingilia, ukishaapdeti kulipita tundu limezibwa. Na ukifanikiwa usitegemee miujiza, zile kori 8 ni za mwendo wa GHz 1.6, gemu nzito za Steam zitatambaa.

Zamani PS3, iliyoitangulia PS4, ilikuja na ruhusa kabisa ya kuwekewa Linux, tangu ilipotoka 2006. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony wakatoa toleo 3.21 wakaifuta. Wakati huo Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa linaunganisha PS3 zaidi ya 1,700 kutengeneza kompyuta moja kubwa ya utafiti.

Kuhusu mausi, kuna gemu zinaikubali bila fundi wala laki. Fortnite inaikubali, Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 inaikubali. Unachomeka kibodi na mausi kwenye USB, unacheza. Gemu ambayo mtengenezaji wake hakuweka hiyo huduma, utasukuma mausi mpaka Krismasi.

Foleni ya Tunduma:

Hao Jeshi la Anga walitumia fundi gani? Maana PS3 1,700 za muonekano ni hela.

Mjuaji wa Uyole:

Ndiyo maana huwa sichangii nyuzi za huku. BabaTausi, PS4 yako iko toleo gani?

Dada Pareto:

4:17, betri asilimia 63.

BabaTausi wa Soweto:

Dada Pareto nakuheshimu lakini unanitafuta.

Parachichi la Rungwe:

Samahani jamani, nani ana namba ya huyu fundi? Mume wangu anakesha na hizo gemu, wageni wakija wanamsalimia mgongo. Nataka anifungie hiyo picha, baba abofye mpaka usingizi umchukue. Laki na nusu natoa yote kwa mkupuo.

BabaTausi wa Soweto:

Parachichi, huyu mtu ni TAPELI, unamtafutia wateja?

Parachichi la Rungwe:

Kwangu mimi kazi yake ni safi. Ndaga fijo kwa taarifa.

Ulanzi Baridi:

Kamwene wana Mbeya. Ninyi mmepata wa upole. Huku Iringa kuna mmoja, wa Miyomboni wanamjua, aliniuzia Xbox 360 ya Marekani akasema inatumia umeme wowote. Nikafika Kihesa nikachomeka ukutani. Lile tofali lake la umeme limeandikwa mwisho volti 127, umeme wetu ni 230. Halikulia, halikuwaka, lilitoa moshi mmoja mwembamba na harufu, basi. Nilipomrudia akaniuliza, "Kwani ulichomeka?"

Kiazi Mviringo:

"Kwani ulichomeka" 😭 Huyo na wa Mwanjelwa walisoma chuo kimoja.

Mwenye Kibanda, Ilomba:

Mnalaumu mafundi tu. Mimi nina kibanda cha gemu, naomba mniulize wateja. Mtu analipa mia tano ya mechi, akifungwa goli la dakika ya mwisho anaitupa padi ya elfu themanini ukutani, halafu anasema ilikuwa inajivuta. Kuna mmoja alifungwa sita bila, akaenda kuniita kwa balozi eti TV yangu ina upendeleo. Balozi akaja kweli. Akakaa, akacheza mechi tatu, hakulipa.

Mpwa wa Mbalizi:

Balozi alishinda?

Mwenye Kibanda, Ilomba:

Ungethubutu kumfunga?

BabaTausi wa Soweto:

Jamani turudi kwenye mada. Mausi haikusogea. Mtu kachukua hela yangu na mausi HAIKUSOGEA.

Shemeji wa Makambako:

Kaka yangu, fundi gemu kakuonea lakini umelala na PS4 yako nyumbani. Nenda kwa fundi cherehani ndiyo utajua mausi haijakufanya kitu. Mimi nilipeleka kitenge cha sare ya ukoo, kina tausi wakubwa. Gauni likarudi tausi wote wako kichwa chini. Nikamuuliza, akasema ndio mtindo. Nimekaa kwenye harusi ya mdogo wangu na tausi waliozimia, picha zipo hadi leo sebuleni kwa mama.

Dada Pareto:

Usinikumbushe mafundi cherehani. Wangu alinikatia kitenge pisi tatu akasema kimetosha gauni tu, hakuna kilichobaki. Jumapili kanisani namwona mtoto wake ana kaptula ya maua yangu.

Parachichi la Rungwe:

Mtoto umembatiza na kitambaa chako, hiyo ni baraka 😂 Wangu mimi kila nikipiga simu "dada nakunja pindo namalizia". Pindo gani la mwezi na nusu? Siku moja nimemvizia dukani, kitambaa changu hajakikata hata kidogo, mfuko bado una fundo langu.

Foleni ya Tunduma:

Na hawa wa suti je? Nilipimwa nikiwa nimesimama, suti ikakaa vizuri nikiwa nimesimama. Nikikaa, vifungo vinaondoka. Send-off nzima nilisimama. Wakasema bwana harusi ana rafiki mwenye heshima sana.

Kiazi Mviringo:

Moda, huu uzi uhamishieni jukwaa la urembo na mavazi.

BabaTausi wa Soweto:

Huu uzi ni wa PS4! Someni hata kichwa cha habari!

Shemeji wa Makambako:

BabaTausi usijali, tupo na wewe. Kwa hiyo shemeji yako alivyokalia maji suruali ilikuwa ya kushonesha au ya mtumba? Maana za kushonesha zikilowa zinapanda mpaka kwenye goti.

BabaTausi wa Soweto:

Ya mtumba.

Dada Pareto:

Ana akili huyo shemeji.

Ulanzi Baridi:

Mtumba ndiyo mpango. Nenda sokoni asubuhi wakifungua balo, koti la Ulaya la baridi la Njombe unalipata kwa bei ya kukunjiwa pindo tu.

Mpwa wa Mbalizi:

Balo nalo siku hizi linafunguliwa usiku, ndugu zao wanachagua, asubuhi tunaletewa makoti yasiyo na mikono.

Parachichi la Rungwe:

Jamani kwa anayejua, kuna fundi cherehani asiyedanganya tarehe kuanzia Tukuyu mpaka Mbeya mjini? Nina send-off Jumamosi hii na kitambaa bado kiko mfukoni.

Foleni ya Tunduma:

Jumamosi ipi?

Parachichi la Rungwe:

Hii hii.

Shemeji wa Makambako:

Yupo mmoja Mafinga, mshono wake msafi, ila anataka hela yote kabla na anasema njoo kesho.

Dada Pareto:

Anavaa miwani?