Mwembe umemenywa na mbuzi lakini umechanua kibao. Utapona kweli?

Mkulima_Muheza: Wakuu, habari za shamba. Mbuzi wamemenya gome la mwembe wangu, kimo cha goti, karibu mzunguko mzima. Ajabu, wiki zinapita majani hayanyauki, na msimu huu umechanua kuliko miembe yote. Jirani ananiambia niuache, umeshakubali. Ushauri tafadhali.

Kisamvu: Ukizaa sana uwalipe mbuzi 😂

Mwalimu_Bios: Mkuu, maua yasikudanganye. Maji hupanda kwa zailemu, ndiyo mbao yenyewe. Seli zake zilishakufa zikabaki mirija mitupu, na mbuzi hawakuifikia. Sukari ya majani hushuka kwa floemu, upande wa ndani wa gome, na hiyo ndiyo iliyoliwa. Mirija ya floemu iko hai, ila seli zake hazina kiini. Zinategemea seli ndogo zilizobanana nazo ubavuni. Gome likibanduka, zote zimekwenda. Sasa sukari imekwama juu, mti unachanua, huku mizizi inakula akiba. Tazama ukingo wa juu wa kidonda, bila shaka umevimba.

Mkulima_Muheza: Umevimba kweli! Wa chini umesinyaa.

Mama Chungwa: Paka kinyesi cha ng'ombe na udongo mfinyanzi. Wa baba ulipona hivyo.

Bwana Shamba Mstaafu: Mama, kidonda cha upande mmoja sawa. Huu umezungukwa. Kijana, hicho kipande kilichobaki kikwaruze kwa ukucha. Kikiwa kibichi, una muda. Kisha kata vikonyo, yaani vijitawi vya mwembe, unene wa penseli, virefu kuliko kidonda. Chonga ncha zote mbili, chomeka ndani ya gome, moja juu ya kidonda na nyingine chini yake, viwe daraja la sukari, bila kugeuza kikonyo kichwa chini. Funga nailoni kama unavyobebesha, yaani unapounga kikonyo kwenye mti mwingine. Kinachoshika ni kambiamu, utando mwembamba wa seli zinazogawanyika kati ya gome na mbao. Ya kikonyo na ya mti zisipogusana, kazi bure.

Mpwani: Mbona minazi tunaichonga vidato hadi juu na haifi?

Mwalimu_Bios: Mnazi hauna kambiamu. Mirija yake iko kwenye vifungu vilivyotapakaa shina zima, ukikata vichache vingine vinaendelea na kazi. Ila kidato hakizibi tena, na ndiyo maana mnazi haubebesheki.

Mkulima_Muheza: Shikamoo Bwana Shamba. Nimekwaruza, kuna ubichi upana wa vidole viwili. Maua niyaache?

Bwana Shamba Mstaafu: Marahaba. Yatoe yote msimu huu. Na zungushia miba leo leo, kabla hawajamalizia hivyo vidole viwili.