Masaji imepanda bei: hela inayoongezeka inaingia mfukoni mwa nani?

Wakuu, salaam.

Kila wiki nasikia lawama ileile kutoka kwa wateja: masaji imekuwa ghali, mnatukomoa, elfu sitini kwa saa moja mtu ataitoa wapi wakati unga, mafuta na nauli vyote vimepanda? Mimi ni mkandaji. Nimefanya kazi hii hapa Dar, kwanza Sinza, kisha Kinondoni, kwenye saluni za watu, na sasa nafuata wateja majumbani. Naomba tujadili kwa hesabu, maana naona hasira za wateja zinamwangukia mtu asiyehusika.

Mwaka 2021, saluni niliyokuwepo ilikuwa inatoza 35,000 kwa saa na mimi napewa 10,000. Hadi naondoka, bei ilikuwa imefika 60,000 na mimi napewa 12,000. Yaani bei imeongezeka 25,000, na katika hiyo aliyekanda ameongezewa 2,000. Mshahara hakuna. Siku isiyo na mteja unarudi nyumbani na deni la nauli.

Na kazi yenyewe muijue. Mteja mmoja anatumia taulo mbili na shuka moja. Mafuta ya nazi hayatoki kwa maji baridi. Ukifua kwa haraka taulo itaonekana safi, lakini kesho yake inanuka mafuta yaliyochacha, na mteja akilala kifudifudi pua iko palepale. Kwa hiyo unachemsha maji, unaloweka na sabuni ya unga, unafikicha, unasuuza mara mbili. Kufua huko hakulipwi, kumo ndani ya ile 12,000. Halafu kuna dole gumba. Mwenye mgongo uliokaza anataka uminye hasa, na nguvu yote inaishia kwenye shina la dole. Wenzangu wengi wamefika mahali wakiamka asubuhi hawawezi kufungua kizibo cha chupa ya maji. Ukibadilisha ukatumia kiwiko, mteja anakwambia "dada, mbona sisikii kitu".

Msimamo wangu ni huu: bei ikipanda na mkandaji akapanda nayo, ni halali hata ikifika laki. Bei ikipanda na mkandaji akaachwa palepale, mteja ana kila sababu ya kuuliza hela yake imekwenda wapi. Mnasemaje?

Dereva wa lori, Dar–Tunduma

Pole na kazi dada. Ila mimi naongea kama mteja. Nikirudi kutoka Tunduma kiuno kinakuwa hakigeuki, na zamani sikuwa nakosa masaji kila nikishusha mzigo. Agosti 2022 petroli hapa Dar ilifika shilingi 3,410 kwa lita, kila mtu akapandisha bei yake na kusema ni mafuta. Mafuta yakaja kushuka, nani aliyeteremsha? Hakuna. Posho yangu ya safari haijasogea. Kwa hiyo siku hizi mke wangu ndiye ananikanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, tunamaliza.

Unaniambia nimuulize mwenye saluni anakulipa kiasi gani. Mimi nimekuja na mgongo unaniuma. Mteja si afisa kazi.

Mwenye saluni, Mikocheni

Dada ameeleza vizuri upande wake, sasa sikilizeni na wa kwangu, maana kila mtu anahesabu 60,000 kana kwamba naingia nayo chumbani nikalala nayo.

Fremu yangu ilikuwa laki nane kwa mwezi, sasa ni milioni moja na laki mbili, na mwenye nyumba hataki mwezi mmoja mmoja, anataka miezi sita mkononi. Hiyo ni milioni 7.2 kabla mteja wa kwanza hajavua viatu. Dalali naye alichukua kodi ya mwezi mzima. Sheria inanitaka mimi mpangaji nikate kodi ya zuio 10% kwenye pango niipeleke TRA. Mwenye nyumba ananijibu kwa utulivu kabisa: "Mimi nataka yangu kamili, hayo ya TRA malizana nao." Basi 120,000 nyingine kila mwezi inanitoka mimi, wakati ni kodi yake yeye. Ongeza leseni, ushuru wa huduma, zimamoto, taka, mlinzi. Jenereta ilininyanyasa kipindi kile cha mgao, mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024.

Sijawahi kumdhulumu mkandaji. Tunakubaliana kamisheni kwa mdomo siku ya kwanza, asiyeridhika mlango uko wazi. Na siku isiyo na wateja, hasara ya fremu ni yangu peke yangu.

Mhasibu, Dodoma

Bosi wa Mikocheni, suala la pango nakubaliana nawe moja kwa moja. Hapo ndipo penye donda, na ningependa watu walizungumze hilo kuliko petroli. Mwenye fremu hanunui mafuta ya nazi, hafui taulo, lakini ndiye wa kwanza kulipwa na ndiye anayelipwa miezi sita mbele.

Ila umeme usiuseme sana. Jenereta ilikutesa, sawa, lakini bei ya TANESCO haijapanda tangu 2016. Uniti kwa matumizi ya kawaida (T1) ni shilingi 292, ukiweka VAT 18%, tozo ya umeme vijijini (REA) 3% na ya mdhibiti wa nishati na maji (EWURA) 1% inafika 356 na senti. Kilichoongezeka kwenye LUKU ni kodi ya majengo, ilianza 1,000 kwa mwezi mwaka 2021, ikawa 1,500 mwaka 2023. Hakuna masaji iliyopanda kwa sababu ya mia tano.

Vifaa vya kuagiza ni kweli vilipanda. Dola ilipita shilingi 2,700 mwaka 2024 kabla ya kuteremka, na vitanda, mafuta ya lavenda na mashine za mawe ya moto vyote vinatoka nje. Lakini mfumuko wa bei kwa mujibu wa Ofisi ya Takwimu (NBS) ulikuwa wastani wa 3.1% mwaka huohuo. Mtu wa kawaida akisikia 3.1% anahisi anadanganywa, kwa sababu yeye hela yake yote inaishia kwenye chakula, pango na nauli, hana kikapu cha taifa zima. Hata hivyo, kutoka 35,000 hadi 60,000 ni zaidi ya 71%. Hiyo haielezwi na mfumuko wa bei hata ukiuhesabu kwa mwaka hadi mwaka.

Na dada, hesabu yako inasema jambo baya kuliko ulivyolisema. Ulikuwa unapata karibu 29% ya bei. Ukashuka hadi 20%. Hukuachwa palepale, umerudishwa nyuma.

Mkandaji (mwanzisha mada)

Asante mhasibu, sikuwahi kuiweka hivyo.

Bosi, hilo la "tunakubaliana kwa mdomo" ndilo linalotuua. Kima cha chini cha mshahara sekta binafsi kilitangazwa kupanda kwa wastani kutoka 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi, kuanzia Januari 2026. Tulivyosikia, wenye mishahara walishangilia. Sisi tukanyamaza, kwa sababu mtu asiye na mshahara hana kima cha chini.

Mfanyabiashara wa nguo, Mwanza

Mimi naona jibu ni bei elekezi. Kama nauli za daladala zinapangwa na mafuta yanapangwa na EWURA kila mwezi, kwa nini huduma za mwili zisipangwe? Saa moja 40,000, basi, nchi nzima.

Mhasibu, Dodoma

Mkuu, mwanzoni mwa 2024 sukari iliwekewa bei elekezi, na sote tulikuwepo, tuliona madukani ilikuwa inauzwaje. Na sukari kilo ni kilo. Masaji ya Masaki na ya Buguruni utazipimaje? Ukiweka 40,000, mwenye fremu hatapunguza pango. Atakayepunguziwa ni mkandaji, tena ataambiwa ni amri ya serikali.

Mkazi wa Sinza

Naona mnajadili kama watu wasiojua kinachoendelea. Nusu ya hizo masaji ni danguro lenye taulo. Ni anasa, na nyingine ni uchafu. Zifungwe, watu wakanunue dawa ya kuchua.

Mkandaji (mwanzisha mada)

Kaka, mimi nimefanya kazi Sinza na silikatai ulilosema, nimelishuhudia na limenitoa machozi. Lakini fikiria linavyoanza. Msichana amekaa tangu saa tatu asubuhi, amepata mteja mmoja, mfukoni ana 12,000, kodi ya chumba inadaiwa. Mteja anamwambia chini chini, nakuongezea hamsini. Mwenye saluni anajua na anatazama pembeni, kwa sababu ile hamsini inamsaidia asiulizwe kuhusu kamisheni. Ukimlipa mtu vizuri kwa kukanda, atakanda. Ninyi mnaosema zifungwe, mnamfungia aliyepokea 12,000 na mnamwacha aliyepokea 48,000 akafungue nyingine mtaa wa pili.

Na anasa ni neno jepesi kwa anayefanya kazi ya kukaa. Njoo uone ninaowakanda: wabeba mizigo wa Kariakoo, mama lishe anayesimama jikoni tangu alfajiri, fundi cherehani ambaye shingo haigeuki upande mmoja.

Mama wa Nungwi, Zanzibar

Asalaam aleikum. Huku kwetu jambo limekwenda njia nyengine. Wanawake wengi wanakanda wageni ufukweni, chini ya mabanda ya makuti, na bei inatokana na mtalii, si na mwenyeji. Siwalaumu, nami nina binti yangu anafanya.

Lakini kuna kitu kimetuponyoka. Mzazi kwetu, yaani mwanamke aliyejifungua, hukandwa siku arubaini, anasingwa (anasuguliwa mwili), anafungwa tumbo. Mkandaji alikuwa bibi wa mtaani, ukimpa kanga doti moja na kitu kidogo cha mkononi, anaridhika na anakuombea dua. Sasa wale wenye mikono mizuri wamekwenda mahotelini, na aliyebaki anataka pesa taslimu kila siku, naye ana haki, mchele anaununua bei ile ile ya sote. Matokeo yake mtoto wa maskini anajifungua na anakandwa siku saba, basi. Mkisema masaji ni anasa, mkumbuke na huyo.

Mwajiriwa, Nairobi

Huku Kenya mteja ndiye ameisha. Mshahara ukiingia tayari umekatwa 2.75% ya bima ya afya tangu Oktoba 2024 na 1.5% ya tozo ya nyumba za bei nafuu, juu ya kodi ya kawaida. Kitu cha kwanza mtu anaacha ni masaji. Kwa hiyo spa zinatangaza ofa za Jumanne na Jumatano, nusu bei. Niliuliza dada aliyenikanda, akaniambia kamisheni yake inahesabiwa kwa bei ya ofa. Saa ni ileile na nguvu ni ileile. Tangu siku hiyo naenda Ijumaa, hata kama ni mara moja kwa miezi miwili.

Mhasibu, Dodoma

Nirudi kwenye hoja ya bosi kwamba hawa si waajiriwa, ni watu wa kamisheni. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anahesabiwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, kikitimia hata kimoja kati ya vigezo vyake: unampangia saa, unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampa vifaa, au anakutegemea wewe kwa kipato. Kitanda ni cha nani? Mafuta ya nani? Nani anasema fika saa tatu? Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inataka apewe masharti ya kazi kwa maandishi.

Akishakuwa mwajiriwa, anaingia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, mchango wa 20% ya mshahara mkigawana. Anaingia pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri wa sekta binafsi anachangia 0.5% tu ya mshahara. Dole gumba likiharibika kwa sababu ya kazi, pa kudai ni hapo. Kwa mtu mwenye bei ya 60,000 kwa saa, hiyo 0.5% si mzigo.

Mwenye saluni, Mikocheni

Nimesoma yote, sitabishana na sheria. Swali langu ni la biashara. Nikiwaweka wote kwenye mkataba, NSSF, fidia, mshahara wa kianzio, bei yangu inakuwa 75,000. Nyie mnaolia hapa mtakuja?

Dereva wa lori, Dar–Tunduma

Elfu 75 siji, sidanganyi. Lakini kwa nini lazima saa nzima? Mimi naumwa kiuno, sihitaji kuchuliwa vidole vya miguu. Weka nusu saa mgongo na kiuno, 35,000, ubandike kaunta kabisa kwamba 15,000 ni ya mkandaji. Hiyo nakuja kila nikirudi safari, na nitawaleta wenzangu wa yadi.

Mwenye saluni, Mikocheni

15,000 siwezi, pango litanizamisha. 11,000 naweza, na mchango wangu wa NSSF naulipa mimi.

Mkandaji (mwanzisha mada)

11,000 kwa nusu saa, na ikiwa kwa maandishi, nakuja hata mimi na wenzangu wawili. Ila weka na kipengele kwamba bei ikipanda, asilimia yetu haishuki.