Anayesikia sauti akae kwenye grupu la sober?

Mshauri_Unguja: Wadau, naendesha grupu kwenye sober house (nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya), watu 11, wengi wa unga na bangi. Kuna dogo anasikia sauti ambazo wengine hatuzisikii, juzi mwenzie anashea stori yake dogo akainuka "mnanisema mimi!" akapiga teke kiti, kikao kikavunjika. Wenzangu wanataka atolewe, mi roho inasita. Nyie mnafanyaje?

nesi_akili: Dawa anakunywa? Kama ndo kwanza kaanza olanzapini (dawa ya kutuliza hizo sauti) mpe wiki kadhaa atulie, kaa naye peke yake kwanza. Akirudi dakika 20 zinamtosha, akae karibu na mlango akizidiwa atoke tu bila kuomba ruhusa, na ule mtindo wa kumbana mtu mbele ya wenzie haumfai kabisa, utamwamshia hofu zake upya.

SafiMiaka6: Mi nilikuwa huyo dogo. Kuna mzee kwenye grupu akanambia vidonge vya hospitali navyo ni ulevi, nikaacha, baada ya muda nikajikuta wodini. Hilo likemeeni mapema jamani.

Mshauri_Unguja: Duh, jana tu kuna mtu kalisema hilohilo. Ahsante kaka.