Mjadala: Sato wa mbegu iliyoboreshwa aletwe Ziwa Victoria, au tuboreshe wa kwetu?

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Nina mabwawa mawili huku Mwanza. Mwaka jana nilinunua vifaranga 2,000 kwa mzalishaji mmoja aliyeniapia kuwa ni "mbegu bora, madume watupu". Miezi saba baadaye nikavuta kokoro: wachache wanajaza sahani, wengi wa kiganja, na hao wa kiganja wamebeba mayai mdomoni! Madume gani hayo?

Na hata dawa ya kuwageuza madume ingekolea, kugeuzwa dume si kuboreshwa. Kifaranga aliyelishwa homoni hapotezi nguvu kwenye kuzaa, lakini damu ni ileile ya wazazi wake. Mbegu iliyoboreshwa ni kama GIFT, iliyoanza Ufilipino mwaka 1988. Walichukua sato wa mwitu kutoka Misri, Ghana, Senegali na Kenya, wakawachanganya na wa kufugwa wa Asia, kisha kila kizazi wakazalisha waliokua haraka. Vizazi vya mwanzo ukuaji ulipanda asilimia 10 hadi 15 kila kizazi. Samaki katoka kwetu, leo tunaogopa kumrudisha? Mimi nasema aletwe.

Mchangiaji wa Ukerewe: Pole kwa hasara mkuu, ila mwishoni umeteleza. Sato mwenyewe ni mgeni humu ziwani, kaletwa miaka ya 1950. Babu yangu alikula ngege, samaki wa asili wa ziwa hili, wa jamii ya sato. Yuko wapi ngege leo? Lawama zote tunambebesha sangara, kumbe sato naye alimbana mazalio na kuzaa naye machotara. Kizimba cha kufugia ziwani kikichanika usiku wa upepo, hao GIFT utawaita warudi? WorldFish wenyewe, shirika la utafiti wa samaki lililoiendeleza GIFT, walikataa kuileta Afrika kwa hofu hiyohiyo, wakalegeza 2007.

Mzalisha vifaranga: Mnagombania GIFT wakati tatizo liko kwenye kokoro lako mleta mada. Ukivuna, wakubwa wanakwenda sokoni, wadumavu wanabaki kuwa wazazi. Miaka mitano hivyo, umeshachagua mbegu, ila kinyumenyume. Na hata ukimbakiza mkubwa kuliko wote, huenda alianguliwa wiki mbili mapema, au ndiye mbabe wa kugombea chakula. Waboreshaji hulea kila familia peke yake, wakishakua kidogo wanatiwa alama na kuchanganywa bwawa moja, halafu wanapimwa pamoja na ndugu zao. Samaki wa gramu 300 ambaye ndugu zake wote wamenawiri anaweza kuwa mzazi bora kuliko wa gramu 400 aliyetoka kwenye ukoo wa wadumavu. Misri walifanya hivyo wakapata mbegu yao iitwayo Abbassa, Ghana wakapata Akosombo kutokana na sato wa mto Volta. Kazi ya daftari na mizani, mwaka hadi mwaka. Hakuna utepe wa kukata, ndiyo maana haina mwenyewe.

Mleta mada: La ndugu nimelielewa, ahsante. Ila mkopo wangu haungoji vizazi vitano. Basi GIFT iruhusiwe mabwawa ya nchi kavu tu, vizimba vya ziwani viachwe.

Mchangiaji wa Ukerewe: Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia mpaka majumbani mwa watu. Bwawa lako liko mbali kiasi gani na maji?

Mleta mada: Kama mita 200 hivi.